Usiandike "wamenyimwa mkopo" kabla hujahesabu kura

Septemba 2008 nilisoma taarifa ya saa moja jioni kwenye redio niliyokuwa nikifanyia kazi hapa Mombasa, na ndani yake mlikuwa na sentensi niliyoitafsiri mwenyewe: "Marekani imeinyima Bolivia mikopo ya Benki ya Dunia kwa kushindwa kupambana na mihadarati." Sijamaliza hata kuvua spika za masikio, simu ya studio ikalia. Alikuwa mzee wa Changamwe, karani mstaafu wa bandari, msikilizaji wetu wa kila siku. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Binti yangu, hiyo benki ni ya Marekani peke yake?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitamtafutia. Usiku ule nikaitafuta karatasi yenyewe iliyotoka Washington, si muhtasari wa shirika la habari, nikaisoma mpaka chini. Benki ya Dunia haikutajwa. Tena, aya chache baada ya jina la Bolivia, Rais George W. Bush alikuwa ameandika kwamba kuendelea kusaidia miradi baina ya Marekani na Bolivia ni jambo muhimu kwa maslahi ya Marekani. Mimi nilikuwa nimewatangazia watu pwani nzima jambo ambalo halikutokea.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu, na kila Septemba naufuata hatua kwa hatua. Nauandika hapa kwa ajili ya vijana wanaoanza dawati la habari za nje, na kwa yeyote anayesikia "mihadarati" na "mikopo" katika sentensi moja akataka kujua kilichotokea hasa. Na nisieleweke vibaya. Mji wangu umeumizwa na unga. Nimekaa matanga ya watoto niliowajua wakichezea barazani kwetu. Serikali inayowalinda wauzaji siioni kuwa na utetezi. Lakini kama adhabu inatolewa kwa nchi nzima, wananchi wa nchi hiyo wanastahili kuelezwa ni adhabu gani, imetolewa na nani, na inamwangukia nani.

Anza na tarehe, kisha namba

Tarehe ya kuweka kichwani ni 15 Septemba. Kufikia siku hiyo kila mwaka, Rais wa Marekani huiarifu Kongresi ni nchi zipi anazihesabu kuwa wazalishaji wakubwa wa mihadarati au njia kuu za kuipitisha. Ukisoma habari za miaka ya 1990 utakutana na tarehe nyingine: orodha ilitoka kufikia 1 Novemba na uamuzi ulitoka kufikia 1 Machi. Usishangae, utaratibu ulibadilishwa mwaka 2002.

Mabadiliko hayo ndiyo yaliyozaa namba mbili ambazo lazima uzitenganishe: 490 na 706. Kama utachukua jambo moja tu kutoka kwangu, chukua hili.

Kifungu cha 490 kimo katika Sheria ya Msaada kwa Nchi za Nje ya 1961, na utaratibu wake ulianzia kwenye sheria ya kupambana na mihadarati aliyoitia saini Rais Reagan Oktoba 1986. Hapa ndipo mkopo na mihadarati vilipofungwa kamba moja. Chini ya utaratibu huo, nchi iliyomo orodhani huzuiliwa kwanza nusu ya msaada wake. Ikinyimwa ithibati, yaani Rais akikataa kuthibitisha kwamba imeshirikiana vya kutosha, msaada hukatwa, isipokuwa ule wa kibinadamu na wa kupambana na mihadarati yenyewe. Halafu Waziri wa Fedha wa Marekani anatakiwa awaagize wawakilishi wa nchi yake wapige kura ya kupinga mikopo ya nchi hiyo katika benki zilizotajwa kwa majina: Benki ya Dunia pamoja na mfuko wake wa IDA unaokopesha nchi maskini, Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, ya Asia, ya Afrika, na ile ya Ulaya ya ujenzi na maendeleo. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, halimo. Kwa hiyo ukiona mtu ameandika "IMF yaibana nchi fulani kwa sababu ya kokeini", muulize amelitoa wapi.

Kifungu cha 706 kilikuja mwaka 2002, na kinauliza swali jepesi kidogo: je, katika miezi 12 iliyopita nchi hii imeshindwa waziwazi kufanya juhudi za maana za kutimiza wajibu wake chini ya mikataba ya kimataifa? Adhabu kinayoitaja ni kukatwa msaada wa Marekani. Amri ya kupinga mikopo ilibaki kule kwenye 490, na Rais akaachiwa hiari ya kuurudia utaratibu huo wa zamani akitaka. Matamko ya kila Septemba hufunguliwa kwa kutaja 706. Ukiikuta namba hiyo, weka kalamu chini kabla hujaandika neno "mkopo". Uwezo wa kugusa mikopo upo, lakini hauji wenyewe.

Watafsiri wengi tunateleza hapa kwa sababu mashirika ya habari hurudia kila mwaka aya ileile ya maelezo, na aya hiyo mara nyingi inaeleza sheria kama ilivyokuwa mwaka 1996.

Kuwa orodhani si kuhukumiwa

Karatasi ya Septemba ina orodha mbili ndani ya orodha moja. Ile ndefu ni ya nchi zinazozalisha au kupitisha. Kwa uzalishaji kuna vipimo: hekta 1,000 za mpopi, ule mmea unaotoa kasumba, au hekta 1,000 za koka, au hekta 5,000 za bangi kama bangi hiyo inaigusa Marekani kwa kiasi kikubwa. Kwa kupitisha hakuna hekta za kupima, ni jiografia. Ndiyo maana Jamaika, Kosta Rika na Bahama zimo. Bahari imeziweka njiani, na tamko lenyewe husema kila mwaka kwamba kuwemo orodhani si lazima kuwe kipimo cha juhudi za serikali husika. Kosta Rika inaweza kukamata shehena kila wiki na bado ikabaki humo.

Ile fupi ndiyo ya walioshindwa waziwazi. Septemba 2025 orodha ndefu ilikuwa na nchi 23, na fupi ilikuwa na tano: Afghanistan, Bolivia, Myanmar, Kolombia na Venezuela. Nchi ya Afrika haikuwemo hata moja. Nigeria, iliyonyimwa ithibati kwa miaka kadhaa chini ya Jenerali Sani Abacha, iliondolewa kwenye orodha ndefu mwaka 2010.

Ukishaiona orodha fupi, usiondoke. Tafuta sentensi ya maslahi ya taifa. Rais anaweza kusema nchi imeshindwa na papo hapo akasema msaada uendelee kwa kuwa unaifaa Marekani. Kolombia mwaka 2025 ilipata vyote viwili: ilitangazwa imeshindwa, pigo ambalo halikuwa limeipata tangu iliponyimwa ithibati mwaka 1997, na ikasamehewa adhabu ndani ya karatasi ileile.

Pima pia upana wa huo msamaha. Mwaka 2008, ule mwaka wangu wa aibu, Bolivia iliachiwa miradi baina ya nchi mbili kwa jumla, lakini Venezuela iliachiwa tu misaada ya kuimarisha taasisi za kidemokrasia. Mlango mmoja ulifunguliwa, mwingine ulipasuliwa ufa. Anayeandika "zote mbili zimesamehewa" amekosea.

Sasa jibu la mzee wa Changamwe

Asubuhi yake nilimpigia. Nilikuwa nimechora mistari kwenye daftari, na nikamsomea: Benki ya Dunia si ya Marekani peke yake, ni ya nchi wanachama, na kila nchi ina kura kulingana na hisa zake. Marekani ina kama kura 16 katika kila 100. Akanyamaza kidogo kama mtu anayepiga hesabu za tani na mifuko, kisha akauliza, "Na hizo 84 zilizobaki, zinasemaje?"

Hilo ndilo swali la kuuliza kila mara. Mkopo wa kawaida katika Benki ya Dunia hupita kwa wingi wa kura, zaidi ya nusu. Hapana ya Marekani peke yake haiuangushi. Kwenye benki nyingine mizani inabadilika, kwa hiyo chukua kalamu uandike pembeni: Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika, Marekani ina asilimia 30; ya Asia, karibu 13; ya Ulaya, 10; IDA, karibu 10; Benki ya Maendeleo ya Afrika, kati ya 6 na 7. Hisa zikiongezwa namba husogea kidogo, hivyo angalia upya kila mwaka kwenye tovuti ya benki husika. Kolombia au Bolivia zina sababu ya kuogopa asilimia 30. Nchi ya Afrika inayokopa Abidjan, yaliko makao ya benki yetu ya Afrika, ina sababu ndogo zaidi.

Angalia vilevile kama nchi ina pa kwenda kwingine. Amerika ya Kusini wana benki yao, CAF, yenye makao Caracas, na Marekani si mwanachama. Pale hakuna kura ya Marekani ya kuhesabu.

Lakini hesabu hizi zisikudanganye ukadhani kura ndiyo nguvu yote. Kwenye bodi hizi mambo mengi huamuliwa kwa maelewano. Mradi wenye upinzani wa mwanahisa mkubwa unaweza kucheleweshwa, kupunguzwa au kutofikishwa mezani kabisa, na mradi ambao haukufika mezani hauna kura ya kuonyesha. Kwa hiyo uliza mambo mawili: mkopo ulipigiwa kura vipi, na ni mikopo gani iliyokuwa kwenye mipango ikatoweka.

La kwanza lina pa kutazama. Wizara ya Fedha ya Marekani huweka kwenye tovuti yake kura za wawakilishi wake katika benki hizi: nchi, mradi, na kama walisema ndiyo, hapana, au walijizuia. Benki ya Dunia nayo ina ukurasa wa kila mradi wenye tarehe ya kuidhinishwa na bodi. Weka kurasa hizo mbili ubavu kwa ubavu. Ukiona hapana kwenye ukurasa wa kwanza na "umeidhinishwa" kwenye wa pili, una habari ambayo huenda hakuna mwenzako aliyeiandika. La pili halina ukurasa. Linahitaji kumpigia simu mtu wa wizara ya fedha ya nchi inayokopa.

Kolombia, 1996

Nikiwafundisha vijana wa mazoezi, mfano ninaoutumia ni huu, kwa sababu hapo sheria ilitumika yote bila msamaha.

Ernesto Samper alichaguliwa kuwa rais mwaka 1994, na kampeni yake ikatuhumiwa kupokea fedha za genge la kokeini la mji wa Cali. Tarehe 1 Machi 1996 Rais Bill Clinton aliinyima Kolombia ithibati. Julai mwaka huohuo Marekani ikamfutia Samper viza. Mwaka 1997 Kolombia ikanyimwa tena, na mwaka 1998 ikapewa msamaha wa maslahi ya taifa.

Katika miaka ile miwili Marekani ilikuwa na wajibu wa kisheria wa kupinga mikopo ya Kolombia. Benki hazikufungwa kwa hilo, kwa sababu ya zile kura nyingine. Palipouma zaidi ni pembeni: wakala za Marekani zinazodhamini biashara na uwekezaji wa nje zilisimamisha shughuli mpya huko, na neno "ithibati" likawa fimbo ya kisiasa ndani ya Kolombia yenyewe. Kisha kuna jambo linalonikera mpaka leo. Sheria iliruhusu msaada wa kupambana na mihadarati uendelee, lakini ofisi za Washington zilibishana miezi kadhaa kuhusu nini hasa kinaruhusiwa, na baadhi ya vifaa vya polisi na jeshi la Kolombia vikakwama. Maana yake, askari aliyekuwa akihatarisha roho yake kuwafuata wauzaji ndiye aliyesubiri vipuri, kwa kosa la rais wake.

Weka Meksiko kando yake. Februari 1997 Jenerali Jesús Gutiérrez Rebollo, mkuu wa idara ya kupambana na mihadarati ya nchi hiyo, alikamatwa kwa tuhuma za kumlinda Amado Carrillo Fuentes, mmoja wa wafanyabiashara wakubwa wa kokeini. Mwisho wa mwezi uleule, Marekani iliipa Meksiko ithibati kamili na kuinyima Kolombia. Meksiko ilikuwa jirani mwenye mkataba wa biashara huria na Marekani. Kolombia haikuwa na kinga hiyo.

Simwambii mtu aandike kwamba utaratibu huu ni unafiki mtupu. Hofu ya kunyimwa ithibati iliwafanya baadhi ya viongozi wabadilishe sheria na kuwarudisha watu mahakamani. Ninachosema ni kwamba ukiandika kuhusu nchi iliyonyimwa, taja na nchi iliyopewa mwaka huohuo. Msikilizaji akizisikia pamoja ataamua mwenyewe. Nchi za Amerika ziliamua: mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia umoja wao wa OAS, zilianzisha tathmini ya kukaguana zenyewe kwa zenyewe, kwa sababu zilichoka kupewa alama na mnunuzi mkubwa wa kokeini.

Orodha ambazo si hii

Kwetu huku kuna mambo mengine matatu yanayochanganywa na orodha hii karibu kila wiki.

Marekani ina orodha ya watu na makampuni, chini ya sheria ya 1999, inayofungia mali za wale inaowatuhumu kuwa vigogo wa mihadarati. Wakenya na Watanzania wamewahi kutajwa humo. Hiyo inamfuata mtu, haina uhusiano na mikopo ya nchi yake. Vivyo hivyo kesi za mahakamani: ndugu wawili Baktash na Ibrahim Akasha walipopelekwa New York kutoka Mombasa Januari 2017, wakakiri makosa na kufungwa, mmoja miaka 25 na mwingine 23, Kenya haikuingia kwenye ile orodha ya Septemba.

La tatu ni orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachokagua udhibiti wa fedha haramu. Tanzania iliingizwa Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Hii kwa maoni yangu inamgusa mwananchi wetu zaidi kuliko ile ya mihadarati, kwa sababu benki za nje huanza kuuliza maswali kwa kila shilingi inayotumwa. Lakini nayo si kunyimwa mkopo.

Maneno ya kuandika

Kiswahili kinatupa maneno ya kutosha, tatizo ni haraka. "Kunyimwa ithibati" litumie kwa utaratibu wa 490 tu. Kwa 706 andika "imetajwa kuwa imeshindwa waziwazi". "Kukatiwa msaada" si "kunyimwa mkopo": msaada ni fedha za Marekani, mkopo ni fedha za benki ya wanachama wengi, na hulipwa na vizazi vya nchi inayokopa. "Kupinga mkopo" si "kuzuia mkopo". Anayepinga amepiga kura, anayezuia ameshinda.

Septemba 2025 kijana wetu wa mazoezi aliniletea rasimu: "Marekani yaikatia Kolombia mikopo." Sikuifuta. Nilimpa ile karatasi na kalamu nyekundu nikamwambia, "Mwanangu, pigia mstari neno mkopo kila unapolikuta." Alisoma dakika kumi, akarudi na karatasi safi, haina mstari hata mmoja. Tukaandika upya pamoja, na taarifa ikasomwa hivi: "Marekani imesema Kolombia imeshindwa waziwazi kutimiza wajibu wake wa kupambana na mihadarati katika mwaka uliopita, lakini imeamua kuendelea kuisaidia kwa sababu ya maslahi yake yenyewe."

Ni sentensi ndefu kwa redio. Tuliisoma polepole. Kisha nikamwambia aandike kwenye kalenda ya ukutani kwamba kila mwisho wa mwezi atafungua ukurasa wa kura wa Wizara ya Fedha ya Marekani, atafute mstari wenye jina la Kolombia, na aniletee safu ya mwisho.